Muhanga na Shimo la Mng'aro

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo zamani za kale, Muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, aliondoka kwake kwenda kuchimba dhahabu kwenye kilima cha Mng'aro. Alimwacha mkewe, Bi Nakito, na mtoto anayetambaa. "Mvua zikianza nitarudi, tulime," alisema.

Lo! Kufika, kilima kimejaa. Nungunungu yupo, Ngiri yupo, Fuko yupo. Wote wanachimba, paru! paru! paru! Dhahabu inaliwa? Hailiwi ng'o! Lakini Tumbili mchuuzi aliinunua kwa ulezi. Muhanga akachimba, akauza, akala. Akachimba tena. Mji ukaota pale: vibanda, pombe, ngoma mpaka kuche.

Na mji ule ulikuwa na desturi yake: shimo ni la anayelala ndani. Ukilala nje usiku mmoja, mwenzako anaingia. Limekwenda hilo!

Mvua zikaanza. Bi Nakito akamtuma Njiwa. "Muhanga, mkeo anakuita mkalime."

"Nikitoka, Ngiri ataingia. Mwambie kesho." Paru! paru!

Mvua za mwaka wa pili, Njiwa akarudi. "Muhanga, mwanao sasa anatembea."

Moyo ukamuuma. Akatoa kichwa. Ngiri huyo, kasimama anasubiri! "Mwambie kesho." Paru! paru!

Mvua za tatu, Njiwa hakuja.

Siku moja Muhanga akachimba, mawe matupu. Akachimba tena, matope. Akatoka nje. "Ngiri!" Kimya. "Fuko!" Kimya. Tumbili kaondoka na magunia yake, na wenzake wote wamehama. Vibanda vimeezuliwa na upepo. Palipochezwa ngoma pameota majani. Mashimo tu, na hapana hata wa kumnyang'anya lake. Muhanga akalia, jamani, akalia.

Akarudi kwake. Mtoto akamwona, akakimbilia ndani. "Mama! Mgeni!"

Bi Nakito akatoka, akamtazama weee. Hakugomba. Akamtandikia mkeka, akampa uji.

"Mke wangu, mimi si mgeni," alisema Muhanga.

"Mtoto kasema mgeni. Basi kula, ulale. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe."

Siku ya tatu mtoto akamletea jembe. "Shika, mgeni. Twende shamba."

Muhanga akalipokea kwa mikono miwili, akamfuata.

Basi, watoto, nanyi wazee mnaojifanya mmesinzia: anayewasahau wake kwa ajili ya mali hurudi kwake akiwa mgeni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye swali amfuate Muhanga shambani, bado analima.