Picha ya Matanga ya Yeshimebet

Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema wahenga. Hawakumkataza mtu kusafiri, wala kumtazama jirani anavyofanikiwa. Walichojua ni kwamba nyota iliyomfikisha mwenzako salama iliiangazia njia yake yeye, na ukiifuata kwa sababu tu uliona ikimfaa, huenda ikakutupa usikokujua. Ukitaka kuuona ukweli wa maneno haya, muulize mtu yeyote wa mji wa Dessie habari za studio ya Zenebech, na uwe na nafasi ya vikombe vitatu vya kahawa, maana hakuna atakayekuhadithia kwa kimoja.

Zenebech alikuwa mtu wa watu. Studio aliachiwa na baba yake, mzee Lemma, pale kwenye mteremko wa Piasa, lakini ni yeye aliyeigeuza baraza ya mtaa mzima. Mbele palikuwa na kiti cha kupigia picha na pazia kubwa lililochorwa bustani ya kifalme. Nyuma ya pazia jiko la mkaa halikuzimika, na harufu ya buni zikikaangwa iliwaita majirani kuliko kengele ya kanisa. Nani kaposwa, nani kakataliwa, nani kanunua friji na hana umeme, yote yalipita pale kabla hayajawafikia wenyewe.

Mzee Lemma alikuwa ameupiga picha mji wote tangu enzi za mfalme. Bibi aliletwa akiwa mchanga, akarudi akiwa bi harusi, akarudi tena kumleta mjukuu, na wote walikaa kwenye kiti kile kile mbele ya bustani ile ile. Baada ya kufa kwake, Zenebech alizitia picha zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, na alipomaliza akagundua kwamba amehamisha tu vurugu kutoka kwenye makopo ya biskuti kwenda kwenye mashine. Picha zilirundikana mle kama pumba. Mtu akija kumtafuta marehemu baba yake, alikaribishwa kahawa asubiri. Kahawa ikaisha, mbegu za shayiri za kutafuna zikaisha, umbea nao ukaisha, na baba hajapatikana.

Ng'ambo ya barabara alikuwako Surafel, mpiga picha za harusi, kijana wa miwani myeusi hata siku za mvua. Yeye alikuwa na programu ya kupanga picha ambayo mji wote uliizungumzia. Ukimtajia shangazi yako aliyecheza sana kwenye harusi, Surafel alibonyeza mara moja tu, na shangazi akatokea katika kila picha aliyoonekana, hata ile aliyokuwa akila kwa siri nyuma ya nguzo. Wateja wakaanza kumwambia Zenebech usoni kwamba kwa Surafel hawasubiri. Maneno hayo yalimchoma kama pilipili kwenye kidonda.

Zenebech alikuwa na binamu yake, Dagim, mtu mzima wa makamo aliyekuwa amezipanga picha za kale za maktaba ya mji. Dagim alikuja siku moja akamwonesha programu mbili, zote kwenye kompyuta moja. Ya kwanza ilikuwa kavu, haina rangi wala mbwembwe. Ya pili ilikuwa ile ya Surafel.

"Surafel anapiga harusi, Etiye," alimwambia, akimwita dada mkubwa kama desturi yao. "Wewe una mji mzima, vizazi na vizazi. Programu yake inakisia sura. Hii nyingine haikisii kitu. Unaiandikia mwenyewe huyu ni nani, binti wa nani, alipigwa lini."

"Niandike mimi? Picha zote hizi? Nikimaliza, mtakuwa mnaniandikia mimi jina juu ya kaburi."

"Basi ijaribu kwanza hiyo ya Surafel kwa picha za familia chache, uone inakoseaje."

"Ndiyo maana hujaoa mpaka leo," Zenebech akasema. "Kila ukioneshwa msichana unasema ngoja kwanza nimchunguze anakoseaje."

Wanawake waliokuwapo wakaangua kicheko, na Askale, jirani wa ukuta mmoja, akamwaga shayiri zote mapajani. Dagim naye alicheka, akanywa kikombe chake cha mwisho, akaaga. Kesho yake Zenebech akavuka barabara na kumwomba Surafel aje amwekee programu yake. Surafel alimfundisha kwa fahari: uupe uso mmoja jina, nayo itakwenda yenyewe kuwakusanya wenzake. Ikiwa na shaka itauliza kama huyu naye ni yeye. Bonyeza ndiyo, akasema, maana kwake haijawahi kukosea.

Jumapili ile studio ilijaa pomoni. Zenebech alikaa mbele ya kompyuta kama malkia kitini, akitaja majina, na sura zikaja mbio kama kuku walioitiwa mtama. Wazee walijiona wakiwa na nywele. Askale alimwona mumewe na msichana asiyemjua, na ikabidi kahawa ya pili ichelewe mpaka ijulikane kwamba msichana yule alikuwa dada wa mume. Kila mara programu ilipouliza kama huyu naye ni yeye, Zenebech alibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku uso ameugeuzia wageni, akimalizia kisa cha mchumba aliyetoroka. Walipofika kwa Yeshimebet, rafiki yake wa tangu utotoni, picha kadhaa zilijipanga chini ya jina lake. Yeshimebet mwenyewe hakuwapo. Kifua kilikuwa kimemlaza kitandani.

Kifua hicho hakikumwachia. Alikata roho kabla mvua hazijaanza, na mji ukatikisika, kwa kuwa alikuwa mwanamke asiye na adui.

Chama chao cha mazishi kilileta turubai siku ile ile, kikaleta na mabenchi na masufuria ya kuchemshia ngano na maharage ya msiba. Mumewe, Gashe Shibeshi, mzee ambaye macho yake yalikwisha kufunikwa na ukungu, aliwaita majirani wa karibu akawaeleza jambo moja tu. Binti yao pekee, Mahlet, alikuwa akifanya kazi Beirut. Alikwisha kupigiwa simu kwamba mama anaumwa, aje. Zaidi ya hapo asiambiwe neno. Kwao habari ya kifo haipigiwi simu. Aliye mbali huitwa kwa kisingizio, akafika, akalala kwa ndugu, na alfajiri wazee humzunguka, wakamshika mikono, ndipo wakamwambia.

"Mtoto wangu asije akalipokea hili peke yake njiani," mzee alisema. "Sitaki kingine kwenu."

Wote waliapa. Kisha mzee akamgeukia Zenebech na kumwomba picha ya kuweka turubaini, ile ya ujana, Yeshimebet akiwa na gauni lake jeupe la mwaka wa harusi yao. Hiyo ndiyo sura aliyotaka watu wamlilie nayo.

Zamani kazi hiyo ingemchukua siku nzima. Safari hii Zenebech aliliandika jina, na picha ikaja kabla hajakaa vizuri kitini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, gauni jeupe la darizi, kiti kile, bustani ile, nyeusi na nyeupe kama picha za kale. Uzuri wake ulimfanya Zenebech alie papo hapo. Chini yake pameandikwa Yeshimebet. Na jina likishaandikwa chini ya picha, macho huacha kazi yao. Akaichapa kubwa, akaitia fremu na utepe mweusi, akaipeleka mwenyewe mikononi kama mtu aliyebeba tabot, kibao kitakatifu cha kanisa, siku ya sikukuu.

Turubai zima liliipokea kwa kilio. Gashe Shibeshi aliipapasa fremu, akausogeza uso wake karibu, akasema ndiye. Wanawake wakaisimamisha mbele, wakawasha mshumaa, wakajipiga vifua wakiitaja sifa moja baada ya nyingine. Watu wakamsifu Zenebech, wakaisifu na mashine yake, na hata katika huzuni yake alihisi raha kidogo aliposikia mtu akinong'ona kwamba Surafel sasa amepata mwenzake.

Askale, ambaye hakuwahi kuona jambo akalala nalo, aliipiga picha ile kwa simu, mshumaa na utepe na vyote. Alikuwa na mdogo wake Beirut. Alikumbuka kiapo, akakishika: hakuandika hata neno moja la kifo. Alituma picha tupu, aone tu jinsi marehemu alivyopambwa.

Mdogo wa Askale hakumjua Yeshimebet akiwa msichana. Aliyemjua ni Mahlet, ambaye kila Jumapili walipopewa mapumziko walipikiana, wakasukana, wakaimba pamoja. Jana yake tu walikuwa wamemsindikiza uwanja wa ndege. Sasa anamwona ndani ya utepe mweusi, mshumaa mbele yake. Alipiga yowe, chumba kikajaa wasichana wa kwao, wote wakaona, wote wakalia. Walidhani amefia njiani. Mmoja wao akapata wazo la kuipiga namba ya Mahlet, akitumaini ndugu aliyechukua simu yake atawaeleza ilivyokuwa.

Simu ikapokelewa na Mahlet. Alikuwa Addis Ababa, kwenye benchi, akisubiri ndege ndogo ya kumteremsha Kombolcha, mji wa jirani na kwao.

Mjomba aliyetumwa kumlaki Kombolcha alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri: mama hajambo kidogo, leo tulale kwangu, kesho tutakwenda. Lakini alipomwona Mahlet akitoka, maneno yote yalimkauka. Msichana alikuwa amejifunga shela lake kwa namna ya wafiwa, pindo likiwa juu shingoni. Hakulia. Alisema tu apelekwe nyumbani, na mjomba akaendesha gari kupanda milima bila kuthubutu kumtazama.

Turubaini ilikuwa saa ya kilio cha alasiri. Waliokuwa wameielekea picha walikuwa wakiililia picha. Waliokuwa wameuelekea mlango waliiona picha ikiingia. Sauti zilikatika kwa mkupuo, kama uzi. Bibi mmoja aliishika misalaba yake yote miwili, mwingine akarudi nyuma mpaka akaliangusha benchi na waliolikalia. Askale alifumba mdomo kwa mikono.

Mahlet akaenda mpaka mbele. Akaiangalia picha, akaangalia mshumaa.

"Etiye Zenebech," akasema polepole, "huyu ni mimi."

Zenebech akaisogelea fremu, akainama kuichungulia.

"Mzee Lemma alinipiga wiki ile niliyoondoka. Nilimwazima mama gauni lake. Nikamwambia baba yako anipige kama alivyompiga yeye, pasiwe na rangi, nimwachie mama kumbukumbu." Akageuka, akawatazama wanawake wote. "Sasa mama yangu mmemlilia kwa uso upi?"

Gashe Shibeshi alikuwa ameisikia sauti ile, naye akainuka akinyoosha mikono hewani, akimtafuta.

"Nani amekwambia, mwanangu? Nani amekwambia kabla yetu?"

"Nimejiambia, baba. Wenzangu walipiga simu kunililia mimi. Wakaniambia picha yangu iko turubaini kwetu. Nikawaambia mimi mzima, acheni kulia. Halafu nikakaa pale kwenye benchi nikajiuliza: kama turubai liko kwetu, na mimi niko hai, basi aliyekufa ni nani?"

Mzee akaketi chini pale pale aliposimama. Jambo moja aliloliomba duniani, binti asilipokee peke yake njiani, ndilo lililompata, tena kwa namna ambayo hata adui asingeibuni. Mahlet akapiga magoti akamkumbatia, na hapo ndipo alipolia.

Surafel naye alikuwamo turubaini, miwani ameivua, uso umempauka. Zenebech alimshika mkono wa koti kama anayezama. Alimkumbusha alivyomwambia kwamba programu ile haikosei.

"Kwangu haikosei, Etiye," Surafel akajibu. "Kwangu watu wote wamepigwa siku moja. Ndani ya siku hiyo moja binti hawezi kuwa na umri wa mama yake."

Zenebech akamwachia. Jibu lilikuwa jepesi kiasi hicho, na hakuwahi kulitafuta. Alikumbuka kidole chake kikibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, uso umeelekea kwenye umbea. Alikwenda mbele akauzima mshumaa kwa vidole, akaishusha picha, akaifunika kwa shela lake. Akamuuliza Mahlet kwa kunong'ona kama amletee ile ya mama, na Mahlet, bila kuinua kichwa kutoka begani kwa baba yake, akasema hataki picha nyingine, watamlilia mama yake kama wanavyomkumbuka.

Basi Zenebech akatoka na fremu ile kifuani, akauteremka mteremko wa Piasa mchana kweupe, mbele ya maduka yote. Yeye ambaye hakuweza kwenda hatua kumi bila kuitwa, siku ile hakuitwa na mtu. Watu walisimama milangoni, wakamtazama akipita, wakarudi ndani. Dagim alimkuta studio jioni, amekaa kwenye kiti cha kupigia picha, pazia la bustani nyuma yake, jiko limezimika. Hakumkumbusha alichomwambia, hapakuwa na haja. Programu iliyomfikisha Surafel kwenye sifa ndiyo iliyomwingiza Zenebech kwenye turubai la rafiki yake akiwa amemzika mtoto aliye hai. Usisafirie nyota ya mwenzio.