Mama Temba na Swali la Mpaka Lini

Hii nimetumiwa na shemeji yangu wa Mwanza, naye hakuniambia kaipata wapi. Nimeisoma, nikaona si vizuri nikae nayo peke yangu. Wenye vijana wanaohangaikia kazi za ofisi kubwa, wasomeeni.

Palikuwa na binti mmoja aitwaye Atupele, mfanyakazi wa benki Dar es Salaam. Tangu yuko chuo alikuwa na ndoto moja tu, kuajiriwa kwenye kampuni ya uwekezaji. Nazungumzia zile kampuni zinazokusanya fedha za matajiri, zinanunua kiwanda cha mtu, zinakinyoosha kwa miaka kadhaa, halafu zinakiuza kwa faida nono. Watu wake ni wachache, wanalipwa vizuri, na kuingia humo ni shughuli pevu.

Alipomaliza chuo aliomba, akaambiwa arudi akiwa na uzoefu. Akaenda benki, akaupata huo uzoefu. Aliporudi akaambiwa mwaka huu wanapendelea waliotoka kwenye kampuni za ushauri. Alipoanza kutafuta njia ya kuhamia kwenye ushauri, akasikia sasa wanawataka vijana wabichi kutoka chuoni, maana hawajaharibiwa na mtu. Kule benki kazi yake ilikuwa kukagua maombi ya mikopo, na kwa kweli aliifanya kwa mwili tu, roho ilishahama.

Hatimaye kampuni moja ikamwita. Akapita mchujo baada ya mchujo, mpaka wakabaki watatu: kijana mmoja aliyetoka chuo moja kwa moja, mwenzake wa kampuni ya ushauri, na yeye. Mkurugenzi, Bwana Kaijage, akawaita pamoja.

"Mahesabu mnayajua wote, sitawauliza tena," akasema. "Moshi kuna mama mmoja ana kiwanda cha maziwa. Tunakitaka. Kila mmoja wenu ataenda kwa siku yake, akale naye chakula cha mchana. Atakayemlainisha, nafasi ni yake."

"Anajua kwamba sisi tunajaribiwa?" Atupele akauliza.

"Anajua mnatoka kwangu. Inatosha."

Atupele alikuwa na rafiki, Witness, ambaye tayari alifanya kazi kwenye kampuni ya aina hiyo. Akamfuata ampe mbinu.

"Sikiliza, shoga yangu," Witness akamwambia. "Kuna neno moja halitajwi mezani, nalo ni kuuza. Mwenye kiwanda akikuuliza mtakaa muda gani, unasema sisi ni wabia wa muda mrefu. Unasema sisi ni familia. Habari ya kwamba baadaye mtakiuza imo kwenye mkataba, huko ndani ndani. Mwanasheria wake atamwonyesha."

"Na asipomwonyesha?"

"Hiyo si juu yako. Kazi unaitaka au huitaki?"

Aliitaka, tena sana. Kwenye basi la Moshi alikuwa anaikariri ile sentensi chinichini, abiria wa kiti cha pili akadhani anasali.

Mama Temba alikuwa mjane. Alianza biashara kwa kukusanya maziwa ya majirani zake na kuyagandisha jikoni kwake, na sasa mtindi wake ulikuwa unapakiwa kwenye malori hadi Dar. Alimpokea mgeni mwenyewe, mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, unawe mikono."

Nyumbani kwa mama huyo biashara haizungumzwi mpaka watu wamekula. Atupele hakulijua hilo. Alipogusia tu soko la mtindi, akaongezewa ndizi. Alipogusia bei ya maziwa, akaongezewa nyama. Akaelewa, akanyamaza, akala.

Sahani zilipoondolewa, Mama Temba akajifuta mikono na kumtazama.

"Haya, mwanangu. Mkinunua, mtakaa na kiwanda changu mpaka lini?"

Sentensi ya Witness ikapanda hadi kwenye ncha ya ulimi. Kabla haijatoka, mama akaendelea.

"Nijibu vizuri, maana Jumapili baada ya ibada wafugaji watanisubiri nje ya kanisa. Utakachoniambia wewe ndicho nitakachowaambia."

Atupele akamwona akilini yule mama amesimama mbele ya watu waliomletea maziwa tangu hana hata jokofu, anawaambia kwamba wanunuzi ni familia. Akaona aibu. Kazi aliitaka, Mungu ni shahidi, na alijua hii ndiyo nafasi ya mwisho. Lakini ulimi uligoma kabisa.

"Mama, tutakiuza," akasema. "Ndiyo kazi yetu. Miaka mitano, ikizidi sana saba. Na atakayekinunua kwetu simjui, hata bosi wangu hamjui."

Mama Temba akasogeza kiti chake karibu.

"Na wafugaji wangu?"

"Kama haijaandikwa kwenye mkataba kwamba maziwa yao yataendelea kununuliwa, usitegemee maneno ya mtu. Ungekuwa mama yangu mzazi, ningekuambia udai iandikwe. Na udai kitu cha pili: siku tukitaka kuuza, tukuulize wewe kwanza, ili ukiweza ukinunue mwenyewe."

Mama hakucheka wala hakununa. Alimuuliza kwao ni wapi, akaambiwa Tukuyu, wakazungumza habari za baridi ya Tukuyu na ya Kibosho, kwao mama, ipi kali zaidi. Kisha akamsindikiza mpaka barabarani.

Atupele alijua kwamba amejiharibia. Si tu kwamba hakumlainisha mwenye kiwanda, bali alimfundisha namna ya kuwabana wale wale anaowaomba kazi. Hata hivyo, jambo la ajabu, alijisikia mwepesi. Kwenye basi la kurudi Dar alilala usingizi mzito tangu Same mpaka Chalinze, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi. Witness alipopiga simu na kusikia yaliyotokea, akasema kwa upole, "Basi tulia tu benki, mpenzi. Na huko wapo wanaofika mbali."

Wote watatu walipokwisha kwenda na kurudi, wakaitwa ofisini. Bwana Kaijage alikuwa na uso wa mtu aliyelala na njaa.

Kijana wa chuo alisema mama amemfurahia sana na ameahidi kufikiria. Wa ushauri akaonyesha michoro ya kiwanda kitakavyokuwa baada ya miaka ishirini, mama akiwa mlezi wake mkuu. Ikafika zamu ya Atupele.

"Mimi nilimwambia tutakiuza," akasema. "Nikamwambia pia mambo mawili ya kudai kabla ya kusaini. Nimeona bora myasikie kwangu kuliko kwake."

Akayataja yote mawili. Wenzake wakainamisha macho kwa kumhurumia.

"Nimeshayasikia," Bwana Kaijage akajibu. "Alinipigia jana."

Akavua miwani, akaisugua kwa tai.

"Mnajua nimekula ndizi za yule mama kwa muda gani? Huu mwaka wa tatu. Kila nikienda namwambia sisi ni familia, na kila nikimwambia hivyo ananifungashia parachichi, ananirudisha Dar. Jana ameniuliza hivi: 'Kaijage, katika watu wote uliowahi kunitumia, na wewe ukiwemo, inakuwaje huyu binti peke yake ndiye anayeijua kazi mnayofanya?'"

Akairudisha miwani usoni.

"Anauza," akaendelea. "Masharti yake ni hayo mawili, na yatatuuma. Ameongeza na la tatu. Mtu wa kwenda kiwandani kwa niaba yetu awe Atupele. Akipelekewa mwingine, hasaini."

"Kwa hiyo nimepata kazi?" Atupele akauliza.

"Mimi sikukupa. Amekupa yeye. Nenda pale mbele wakuandikie barua kabla sijabadili mawazo."

Atupele akatoka mpaka kwenye ujia. Akavua viatu, akakaa chini sakafuni pale penye dumu la maji, akalia na kucheka kwa pamoja. Hakuwa na uongo wa kutunza, hakuwa na ahadi ya kukwepa, na siku atakayorudi Moshi angeweza kumtazama yule mama usoni.

Dada wa mapokezi akamsogelea kwa huruma, akainama.

"Pole, dada. Wamekukataa?"

"Hapana," Atupele akamjibu, akijifuta kwa kiganja. "Napumua tu."

Funzo: Anayekukabidhi jasho lake la miaka hatakuamini kwa sababu umemwahidi kwamba hutaondoka; atakuamini ukimwambia mapema kwamba utaondoka, na utamwachaje.