Jua Halijafika kwa Bi Fuko

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika kinyonge. Hata mimi nimechoka, basi tumeelewana.

Hapo kale, mwaka wa njaa, wanyama walibakiwa na ghala moja la mihogo. Mtunzaji alikuwa Mzee Kobe, na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na marehemu babu yake. Kila asubuhi Kobe alifungua ghala, na kila mnyama akatuma ombi kwa simu, akiandika saa ya kwake, iliyohesabiwa tangu jua lilipofika mlangoni pake. Kompyuta ikakoroma: krrr, krrr, tak! Mwenye saa ndogo akala kwanza.

Digidigi wa mashariki alituma mbio: "Saa tatu." Fisi alikaa nyuma ya mlima, na jua lilichelewa kumfikia. Akapiga miayo, akajinyoosha, akatuma mwisho kabisa: "Saa moja." Krrr, krrr, tak! Fisi kwanza. Akala mpaka maganda.

"Mzee Kobe, mimi ndiye niliyetangulia," akalalamika Digidigi.

"Najua, mwanangu."

"Basi si uirekebishe?"

"Aliyeiunda yuko kaburini. Nikiigusa ikazima, tutakosa wote."

Kobe akashusha pumzi. Kila siku aliulizwa hivyo, kila siku akajibu hivyo.

Sasa, chini ya ardhi aliishi Bi Fuko, na wanawe walikuwa hawana hata nguvu ya kulia. Asubuhi moja akamngoja Fisi atume, kisha akatoa mkono wenye simu nje ya tundu, akaandika: "Huku kwangu jua halijafika. Saa sifuri." Krrr, krrr, tak! Fuko kwanza. Akachukua mihogo yote, akalisha wanawe, akamgawia na Digidigi.

Fisi akaja juu. "We Fuko, umedanganya."

"Shuka uangalie, Bwana Fisi. Ukiliona jua humu, mihogo yako."

Fisi akachungulia. Giza tupu. Akarudi kwake, akachimba shimo, chaka, chaka, chaka, akaingia, akaziba mlango jua lisipite. Akaandika: "Saa sifuri." Akatuma. Ujumbe haukwenda, maana huko chini mtandao haushiki. Mpaka leo, mchana kutwa, Fisi yumo shimoni anangoja ujumbe uende.

Na kompyuta? Ipo vilevile. Kobe hajaigusa.

Ngano yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na fundisho lake, watoto wangu, ni hili: wahini mapema, kwa maana anayetangulia ndiye anayekula. Kama hamniamini, muulizeni Digidigi.