Kitambaa Chekundu cha Kihenge

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na kihenge kimoja cha mtama kikubwa kama nyumba, Mama Tembo ndiye aliyekuwa mtunza ghala lenye kihenge hicho.

Alifukia kitambaa chekundu katikati ya mtama, akatangaza, "Mtama ukishuka mpaka kitambaa kionekane, Nyati aende shambani, alete magunia mpaka kifunikwe tena!"

Utaratibu mzuri, ee? Lakini Nyati huyo! Pembe kubwa, uvivu mkubwa zaidi. Kila alipoona wekundu unachungulia, alikisukuma kitambaa chini kabisa, akarudi kulala. Khoo! Khoo!

Basi mtama ukawa unakwisha bila mtu kujua. Wakubwa walipanga foleni mbele, wakapata. Kindi, mdogo kuliko wote, alifika wa mwisho, akakuta vumbi.

"Mama Tembo, wanangu wana siku mbili hawajala!" alilia.

"Nyati! Hukukiona kitambaa?"

"Haki ya Mungu, Mama! Tangu kifukiwe, sijakitia machoni hata mara moja!"

Kindi alimtazama, akatikisa mkia, akaenda zake. Ameumia, lakini ameshapata la kufanya.

Asubuhi yake, kabla ghala halijafunguliwa, alipenya, akakifukua kitambaa. Akakifunga juu kabisa, kwenye mdomo wa kihenge.

Mama Tembo alipofungua tu mlango, wanyama wote wakiwa nyuma yake, akaita, "Nyati! Kitambaa kile! Jaza mpaka kifunikwe!"

Nyati akabeba. Mwaaa! Gunia la kwanza. Mwaaa! La kumi. Mwaaa! La ishirini. Ulimi nje!

Kindi, juu ya boriti, "Pole, Kaka Nyati. Mimi bado nakiona!"

"Kaongeze!" akasema Mama Tembo.

Nyati akapandwa na hasira. "Huu ni uonevu! Mahali pake si hapo! Kinakaa katikati, mimi nakijua, kila siku mimi ndiye ninayekisukuma chi..."

Akajiuma ulimi.

"Enhe?" akauliza Kindi. "Si hujawahi kukiona?"

Ghala zima likaangua kicheko. Kwa! Kwa! Kwa! Mama Tembo hakucheka. Alimwamuru Nyati amalize kujaza, na kuanzia siku hiyo apange foleni nyuma ya watoto wa Kindi.

Na watoto hao walikula polepole, wakichagua punje moja moja, huku Nyati akisubiri.

Basi shikeni hili, wanangu: anayeficha dalili ya njaa ya wenzake, kinywa chake mwenyewe kitamuumbua.