Kigoda cha Maige

Isome polepole, kisha mtumie yeyote mwenye haraka. Mimi ninayekutumia nimezunguka nchi nyingi, nimeona mafundi wa kila aina, nikarudi nyumbani nikajitengenezea meza. Mpaka leo tunakula chini.

Katika utemi mmoja wa zamani, kwenye misitu ya mininga, aliishi seremala aitwaye Maige. Alikuwa mwepesi ajabu. Ukimwagiza kitanda asubuhi, jioni unakilalia, alfajiri unaamkia sakafuni. Alitumia mti mbichi kwa sababu mkavu unataka subira. Mguu ukicheza, aliuzungushia kamba ya gome, akapaka udongo juu, akasema, "Limekwisha hilo!"

Watu wa kule walikuwa na maneno yao kwa kazi za kulipua: bora liende, ungaunga, shika hapa nije. Polepole hayo yote yakasahaulika, likabaki moja tu: maige. Uji wenye madonge, maige. Paa linalovuja, maige. Hata mtu aliyenyolewa vibaya aliulizwa, "Nani kakunyoa hiyo maige?"

Mwenyewe alicheka pamoja nao. Alidhani ni utani wa majirani, mpaka mwanawe wa pekee, Shija, alipopata mtoto wa kiume.

Desturi yao ilikuwa hivi. Kitovu cha mtoto kikidondoka, babu mzaa baba analeta kigoda cha miguu mitatu alichokitengeneza kwa mikono yake. Bibi mzaa mama anakikalia, anampakata mtoto, anamwita jina la babu huyo. Kigoda kisipoletwa, jina linatoka upande wa mama, na la babu linazikwa pamoja naye.

Maige akaenda kwa Mama Ngolo, bibi mzaa mama wa mtoto, kumwambia ajiandae.

"Mzazi mwenzangu," Mama Ngolo akamjibu, "nitamwitaje mjukuu wangu kwa neno tunalotukania viti?"

"Aa, ule si utani tu, mama?"

"Mama yangu alipanda ngazi uliyotutengenezea ya ghalani. Hakutembea tena mpaka tunamzika. Na huo nao ni utani?"

Maige akakimbilia kwa Mtemi, mtawala wa nchi ile.

"Mtemi wangu, piga marufuku neno hili. Atakayelitamka atozwe mbuzi."

Mtemi akamtazama kwa huruma. "Midomo naweza kuifunga leo hii. Lakini kiti kikivunjika, hata wakinyamaza wote, macho yao yatageukia nyumba ya nani?"

Maige akarudi kwake. Akatafuta gogo la mninga lililokauka vizuri, akaanza kuchonga. Kikalio kikatoka safi. Mguu wa kwanza ukakaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ukacheza. Akachonga mwingine, ukapasuka.

Shija akaingia akihema. "Baba, kitovu kimedondoka! Watu wameshakaa, wanakusubiri wewe."

"Mguu wa tatu bado haujakaa."

"Zungushia kamba! Mama Ngolo atakaa kidogo tu, jina litamkwe, basi."

Maige akaishika kamba. Akaitazama sana, akaiweka chini.

"Mama yake naye alipanda kidogo tu," alisema.

Alipotokea uwanjani na kigoda cha miguu miwili, vicheko vikalipuka.

"Jamani, leo hata kamba hakuna!"

"Maige kaleta maige!"

Akakiweka chini. Kikalala upande. Alisubiri wamalize kucheka.

"Hakijaisha," akasema. Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Ningefunga mguu kwa kamba, mngeona kigoda. Lakini atakayekikalia atakuwa kampakata mtoto. Mzazi mwenzangu, mpe jina la kwenu. Kigoda nitakileta kikiwa tayari, ukikalie hata kumenyea viazi."

Mama Ngolo akainuka. Akakiokota kigoda, akakigeuza. Akauvuta mguu wa kwanza kwa nguvu zake zote. Akauvuta wa pili. Hakuna uliotikisika. Akamrudishia Maige, kisha akamchukua mtoto kutoka kwa binti yake. Watu wakamtandikia ngozi akae, akaipita.

"Leo nitasimama," alisema. Akamwinua mtoto usawa wa uso wake. "Maige, mjukuu wangu, karibu kwetu."

Hakuna aliyecheka.

Funzo: Kazi ya kulipua humwangukia asiye na kosa. Ukiwa hujamaliza, sema hujamaliza, hata kama kusema hivyo kutakunyima kile unachokitaka kuliko vyote.