Neno la Kumwambia Mkwe

Soma, unicheke, kisha mtumie yeyote mwenye mkwe.

Nilikamatwa nimesimama uani kwa jirani yangu, Mama Nelima, tumbo mbele kama mhubiri, nikimpigia kelele usoni: "I loathe you!"

Langoni alikuwa amesimama mkwe wake, Colin, mkate mkononi. Katika kijiji chetu chote, ndiye pekee aliyezaliwa na Kiingereza.

Ngojeni nijitetee. Nimepika kwenye meli miaka mingi, na nikirudi nyumbani Bungoma najifanya kamusi. Asubuhi hiyo Mama Nelima aliniita.

"Jirani, nipe neno la Kiingereza la kumchukia mtu. Kali."

"La kumwambia nani?"

"Mkwe! Siku ya mahari, mbele ya wazee, alinikumbatia. Mimi, mama mkwe! Leo namwambia, kisha arudi kwao."

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe hata mkono, kwa hiyo uchungu wake niliuelewa. Nilijua pia kwamba Colin akiondoka, mkewe Nelima atamfuata, na mama atabaki na neno lake. Lakini mimi nikiombwa Kiingereza, akili huenda likizo.

"Kuna 'hate'," nikaanza. "Ila hilo hata watoto huiambia sukuma wiki."

"Halitoshi. Si umezunguka dunia? Au ulikuwa unazunguka sufuria tu?"

"Kuna 'despise'. Hilo ni kumwona mtu si kitu."

Akafikiri. "Hapana. Huchota maji bila kutumwa. Si mtu wa bure."

"Basi 'loathe'. Hiyo ni chuki ya kutapisha. Ukimwambia hilo, hatarudi tena."

"Linatamkwaje? Sema kwa nguvu nisikie."

Ndipo nikasema kwa nguvu.

Colin akauweka mkate juu ya kiti. "Kama neno hilo ni langu, nitalipokea," akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Nilijua mama ananichukia. Tangu nianze kuja hapa, nikiingia tu, anakimbilia jikoni na kujifunika kitambaa usoni. Ndiyo maana siku ile nilimkumbatia. Kwetu mtu akikukasirikia, unamkumbatia mpatane."

Nikamtafsiria Mama Nelima. Akashika mdomo.

"Anadhani nilikuwa nakimbia kwa chuki?"

"Ndivyo anavyosema."

"Uuwi! Ile ni heshima! Mkwe haoneshwi uso ovyo! Nimemheshimu huyu mtoto mpaka nikaungua mkono na sufuria!" Akauinua mkono, na kovu lilikuwepo.

Nikatafsiri, kovu na yote. Colin akacheka huku akifuta macho, akafungua mikono yake mirefu, akapiga hatua mbele.

Mama Nelima akaruka nyuma, akanyakua mwiko.

"Mwambie simchukii," akaniagiza. "Aingie, ale. Lakini akinigusa tena, neno nitalitafuta mwenyewe, na halitakuwa la Kiingereza."

Funzo: Kabla ya kuchagua neno la kumchoma mtu, muulize kwanza alikuwa anajaribu kukupa nini.