Kinywa cha Mfalme Hekanebu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kiti kikubwa, kikakaliwa na mtoto mdogo. Kaeni vizuri. Na wewe unayesinzia hapo mlangoni, amka, hadithi hii si ya kubembelezea mtu usingizi.

Hapo kale, katika nchi ya Misri, palikuwa na mfalme aitwaye Hekanebu. Alirithi kiti hata meno ya utoto hayajamtoka. Baba kafa, mama kafa, na mguu wake mmoja umepinda. Alikuwa na mtu mmoja tu, Meresi, mlezi aliyemnyonyesha. Mfalme alimwita mama, naye Meresi alimpenda kuliko roho yake.

Alikuwako pia waziri, mzee Ipuki, na huyu macho yake yalikuwa kwenye kiti. Desturi yao ilikuwa hivi, sikilizeni. Mfalme akifa, hukaushwa kwa magadi, hufungwa sanda, husimamishwa mlangoni mwa kaburi. Kisha mtu humgusa mdomo kwa tezo, lile shoka dogo la seremala la kuchongea mbao, ili afunguke kinywa, ale na kusema huko aendako. Anayemfungua ndiye mrithi. Asipofunguliwa, maskini, atakaa na njaa, bubu, milele.

Ipuki akatia sumu kwenye maziwa. Meresi akayanusa, akayamwaga. Ipuki akatia nyoka kitandani. Meresi akakung'uta shuka, akamponda kichwa. Mara ya tatu mzee akaja na maneno matamu, na maneno, jamani, hayanuswi wala hayakung'utwi.

"Mwanangu," alimwambia mfalme, "huko nje wanasema bado unanyonya. Panda gari la farasi, uwinde kama marehemu baba yako."

"Usiende," Meresi akamsihi. "Na mguu wako huo?"

"Mama, nimekua. Niache na mimi nionekane mwanamume."

Kijana akaenda. Kumbe Ipuki alishachomoa kigingi cha gurudumu. Farasi waliposhika mbio, gurudumu likatoka, mfalme akaburuzwa juu ya mawe. Homa ikampanda, akafia mikononi mwa Meresi, ndevu hazijamwota.

Meresi alilia mpaka sauti ikamkauka. Alilitazama lile gurudumu, akajua hii ni kazi ya nani. Lakini mlezi atamshtaki waziri kwa nani? Mnyonge hana haki.

Siku ya maziko Ipuki akajifunga ngozi ya chui, vazi la mfungua kinywa, akashika tezo. Meresi akatoka kwenye kundi la waombolezaji, akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Bwana waziri, mfungue vizuri. Hakimu wa wafu atamuuliza ni nani aliyemuua. Kinywa kikiwa wazi, atamtaja."

"Hebu nipishe, we mama," Ipuki akasema.

Lakini neno lilikwisha kumwingia. Asipomfungua, kiti hakipati. Akimfungua, atatajwa, na huko kwa wafu moyo wa mwenye hatia hutupiwa mnyama aule. Akainua tezo, akagusa kidevu, akageuka kama aliyemaliza.

"Hakugusa mdomo," Meresi akasema, na safari hii wote walimsikia.

Kuhani mkuu akamtazama waziri. "Rudia."

Akagusa pua.

"Rudia."

Akagusa shavu. Jasho linamtiririka.

"Mdomo, waziri," kuhani akasema. "Unaogopa atasema nini?"

Tezo likamponyoka, na wote wakajua muuaji ni nani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ipuki iliishia papo hapo. Askari walimkokota hadi mtoni, mamba wakapata riziki yao.

Haya, mtasema Meresi ameshinda. Ameshinda nini? Mfalme bado amesimama pale, mdomo umefungwa, na mrithi hakuna. Meresi akaliokota tezo, wala hakuna aliyethubutu kumzuia. Akamgusa mdomo polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Sema, mwanangu. Niite mara moja tu."

Akangoja. Kuhani akangoja, askari wakangoja, watu wote wakangoja. Mfalme hakusema neno. Ndipo Meresi alipojua kwamba mtoto wake amekufa kweli. Kwa desturi kiti sasa kilikuwa chake, lakini hata hakukiwaza; akakaa chini mchangani, na wajenzi wakaanza kuziba mlango wa kaburi.

Hadithi yangu imefika kikomo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, nimeizoea.